Faida Kwao, Utukufu Kwetu: Biashara ya Viungo katika Os Lusíadas ya Luís de Camões

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna biashara ya viungo inavyosawiriwa katika Os Lusíadas, utendi wa Luís de Camões uliochapishwa Lisbon mwaka 1572. Wapo waliousoma kuwa ni utendi wa biashara, na wapo walioona kwamba biashara imefunikwa kwa vita na imani. Makala yanadai kuwa viungo havikutukuzwa wala havikufichwa, bali vimegawiwa. Kwa kuulinganisha utendi na shajara ya safari ya kwanza ya Vasco da Gama (1497–1499), inaonyeshwa kwamba tamaa ya viungo imeondolewa kwa Wareno na kwa rafiki yao wa Malindi, ikawekwa kwa mtawala wa Mombasa, kwa ofisa wa Calicut na kwa Mwislamu mmoja wa Maghreb. Mgawanyo huo hauishii katika fani. Ndio unaoandaa uhalali ambao wimbo wa kumi unaupa uteketezaji wa Mombasa wa mwaka 1505.

1.0 Utangulizi

Msomaji wa Kiswahili anayefungua Os Lusíadas hukutana mapema na mwambao wake mwenyewe. Nyimbo mbili za kwanza kati ya kumi zinahusu Msumbiji, Kilwa, Mombasa na Malindi. Tatu zinazofuata ni masimulizi ambayo Gama anamsimulia mfalme wa Malindi. Ni rahisi basi usomaji wetu ukomee hapo: Mombasa imetukanwa, Malindi imesifiwa, nasi tunafunga kitabu tukiwa na hasira au fahari, kutegemea tunatoka wapi. Makala haya yanapendekeza usomaji mwingine, unaoanza na bidhaa badala ya mji. Safari inayosimuliwa ilikusudiwa kufika India na kupata viungo kwa njia isiyopita mikononi mwa wafanyabiashara wa Cairo na Venice. Swali letu ni hili: ndani ya utendi wenyewe, ni nani anayevitaja viungo, na anavitaja kwa nia gani?

Swali hili lina uzito kwa sababu mtunzi alikuwa mjuzi wa jambo lenyewe. Camões aliondoka Lisbon mwaka 1553, akaishi miaka mingi Mashariki, na alirejea kwao mwaka 1570. Mwanahistoria Diogo do Couto ameeleza kuwa alimkuta katika kisiwa cha Msumbiji akiwa fukara, akiishi kwa hisani ya marafiki. Mwaka 1563, Garcia de Orta, tabibu aliyeishi Goa, alichapisha huko mazungumzo yake juu ya dawa na viungo vya India, yakiwamo ya pilipili manga, karafuu, mdalasini na kungumanga. Ndani ya kitabu hicho mlikuwa na shairi la Camões, mojawapo ya mashairi yake ya kwanza kupigwa chapa. Kwa maneno mengine, mshairi huyu aliingia katika uchapaji akiwa kando ya pilipili. Kama pilipili inapatikana kwa nadra katika utendi wake, sababu haiwezi kuwa ujinga.

Wala sababu haiwezi kuwa kwamba dola ya Ureno iliona haya kulitaja jambo hili. Baada ya Gama kurudi, mfalme Manuel alijiongezea cheo cha bwana wa utekaji, usafiri wa baharini na biashara ya Uhabeshi, Uarabuni, Uajemi na India. Biashara ilikuwamo katika cheo cha mfalme, wazi kabisa. Mshairi alikuwa na ruhusa ya kuiimba. Tunachohitaji kueleza ni kwa nini aliiimba kwa namna aliyoiimba.

2.0 Mjadala uliopo na matini ya kulinganishia

Mawazo mawili yamekuwa na nguvu. La kwanza ni la William Julius Mickle, aliyeutafsiri utendi huu kwa Kiingereza mwaka 1776. Mickle aliusoma kama utendi wa kuzaliwa kwa biashara ya dunia, na utangulizi wake mrefu unaitetea biashara ya Waingereza na India ya zama zake. Tafsiri yake ilikuwa huru mno: aliongeza mapigano ambayo Camões hakuyatunga. Kwake yeye, Gama ni baba wa wafanyabiashara wote. La pili ni la David Quint katika kitabu chake Epic and Empire cha mwaka 1993. Quint anaonyesha kwamba utendi unaivika safari ya kibiashara vazi la ushujaa wa kivita, kwa kuwa tabaka la makabaila wa Ureno halikutaka kujiona katika sura ya mchuuzi.

Wazo la Quint liko karibu zaidi na matini kuliko la Mickle. Hata hivyo, kusema kwamba biashara imefunikwa kunatuacha na tatizo. Viungo vinatajwa. Vinatajwa kwa majina, kwa orodha, tena kwa utamu wa lugha. Kama nia ilikuwa kuvifunika, kazi hiyo ilifanywa vibaya, na Camões si mtunzi wa kufanya kazi vibaya. Ninapendekeza kwamba tuangalie mgawanyo: maneno ya viungo yamewekwa katika vinywa na mikono maalumu, na yameondolewa katika vinywa na mikono mingine.

Ili kuuona mgawanyo huo tunahitaji matini ya kulinganishia. Ipo shajara ya safari ya kwanza ya Gama, iliyoandikwa na mmoja wa waliokuwamo. Hati yake haina jina la mwandishi, ingawa wataalamu wengi humtaja Álvaro Velho. Ilichapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1838. Hatuna haja ya kudai kwamba Camões aliisoma hati hiyo. Alikuwa na historia za Fernão Lopes de Castanheda na João de Barros, zilizoanza kutoka katika miaka ya 1550, na ya Castanheda inakaribiana sana na shajara. Tunaitumia shajara kama mizani, si kama chanzo: inatuonyesha mambo gani ya safari yalikuwa yakisimuliwa bila haya na watu waliokuwako.

Shajara haina haya hata kidogo. Mreno wa kwanza kuteremka Calicut mwezi Mei 1498, ambaye alikuwa mhalifu aliyepelekwa mbele ili hatari imkute yeye, alikutana na watu wawili wa Tunis waliojua Kihispania. Walipomuuliza wamefuata nini mbali hivyo, jibu lake lilitaja mambo mawili: Wakristo na viungo. Kuelekea mwisho, mwandishi anaeleza njia ya viungo hatua kwa hatua: kutoka Calicut hadi Jeddah, kisha Cairo, kisha Alexandria, ambako merikebu za Venice na Genoa huvipakia. Huyu ni mtu anayehesabu.

Lugha yetu pia inahesabu, kwa namna yake. Mswahili anasema pilipili manga, na Manga ni jina la zamani la Uarabuni. Pilipili hiyo haikuota Uarabuni, ilitoka Malabar. Jina linahifadhi upande ambao bidhaa ilifikia mwambao, au walikotoka walioileta. Sauti hiyo hiyo ya Manga imo katika kungumanga, na basibasi, ganda jekundu linaloizunguka kungumanga, ni neno lililotoka katika Kiarabu pamoja na bidhaa yake. Msamiati huu unatukumbusha kwamba Gama alipofika, viungo vilikuwa na njia, na njia ilikuwa na wenyewe. Unatuonya pia tusiingize Zanzibar ya mikarafuu katika mwaka 1498: zao hilo lilistawishwa visiwani katika karne ya 19. Karafuu za Mombasa ya Gama zilikuwa bidhaa ya kupita, iliyotoka visiwa vya Maluku.

3.0 Sampuli ya Mombasa na zawadi ya Malindi

Tuanze na Mombasa. Shajara inasema kwamba Gama alipotia nanga mwezi Aprili 1498, aliwapeleka watu wawili mjini. Mtawala aliwapokea, akawatembeza, kisha akawarudisha na sampuli za karafuu, pilipili na nafaka, akieleza kuwa Wareno wangeruhusiwa kupakia bidhaa hizo. Hiki ni kitendo cha kawaida cha bandari. Mwenye mji anamwonyesha mgeni kilichopo sokoni.

Katika utendi (wimbo wa pili, ubeti wa 4), kitendo hicho kimegeuzwa kuwa maneno. Mjumbe wa Mombasa anakuja na hotuba ya kuwakaribisha Wareno bandarini, na ndani ya hotuba hiyo anawaorodheshea bidhaa za Mashariki: mdalasini, karafuu, viungo vikali, dawa, kisha yakuti na almasi. Hii ndiyo orodha kubwa ya kwanza ya viungo katika utendi mzima, na msomaji ameshaambiwa kwamba ni ulaghai. Mjumbe anataka merikebu ziingie ili ziangamizwe. Mambo mawili yametendeka kwa pamoja. Sampuli iliyoshikika mkononi imekuwa ahadi ya mdomo, na vito ambavyo havimo katika sampuli za shajara vimeongezwa ili ahadi ing'ae kupita kiasi. Kilichokuwa onyesho la soko kimekuwa chambo. Na anayeumba chambo hujua samaki anapenda nini. Lakini utendi haumwonyeshi samaki akikitamani. Gama anavutwa na habari za Wakristo waliomo mjini zaidi ya mdalasini.

Ushahidi wa hila nao umebadilishwa. Katika shajara, Gama aliwahoji Waislamu wawili waliokuwamo merikebuni kwa kuwadondoshea mafuta ya moto mwilini, na hapo ndipo walipokiri kuwapo kwa njama. Katika utendi hakuna mafuta ya moto. Venus na mabinti wa bahari wanajipanga mbele ya merikebu na kuirudisha nyuma kwa vifua vyao, na Waislamu waliomo ndani wanajirusha majini kwa hofu, jambo linalowathibitishia Wareno kuwa walikuwa na hatia. Ungamo lililotolewa kwa mateso limebadilishwa kwa muujiza. Msomaji hapewi tena nafasi ya kujiuliza ungamo la namna ile lina thamani gani.

Sasa tuende Malindi. Katika shajara, Gama anampelekea mfalme zawadi za thamani ndogo: joho, marijani, mabeseni, kofia, njuga na vitambaa. Mfalme anajibu kwa kondoo sita pamoja na viungo: karafuu, bizari, tangawizi, kungumanga na pilipili. Katika utendi (wimbo wa pili, beti za 76 na 77), kondoo wapo. Wapo na kuku walionona, na matunda ya msimu. Mfalme anasifiwa kuwa nia yake njema ilizidi hata zawadi. Gama naye anapeleka kitambaa chekundu na marijani. Viungo havimo.

Hapa ndipo penye kiini cha hoja ya makala haya. Katika shajara, miji miwili ya Waswahili iliwapa Wareno viungo: Mombasa kama sampuli, Malindi kama zawadi. Katika utendi ni mmoja tu unaovitaja, nao ni mji adui. Pilipili imeondolewa mkononi mwa rafiki na kuachwa mdomoni mwa hasimu. Matokeo yake ni kwamba urafiki wa Malindi umetakaswa: ni wa chakula, mazungumzo na kustahiana kwa wafalme, usio na harufu ya soko. Mombasa nayo imekuwa soko lisilo na urafiki. Tofauti ya miji hii miwili, ambayo tumezoea kuisoma kama tofauti ya tabia au ya siasa za mwambao, kwa sehemu kubwa ni tofauti ya mahali mtunzi alipoamua kuiweka bidhaa.

Mbele ya mfalme huyohuyo wa Malindi (wimbo wa pili, ubeti wa 80) mjumbe wa Gama anatoa tamko ambalo tutalirudia baadaye. Anasema kuwa wao si wanyang'anyi wapitao miji dhaifu wakiwaua watu kwa chuma na moto ili kuwapora mali inayotamaniwa. Hakuna aliyewashutumu hivyo katika ubeti huo. Kanusho limetangulia mashtaka.

4.0 Calicut: kugawana faida na utukufu

Calicut ilikuwa mwisho wa safari. Ikiwa kuna mahali ambapo utendi ulilazimika kuikabili biashara, ni hapa, katika nyimbo za saba, nane na mwanzo wa tisa. Gama anasimama mbele ya Samorin, mtawala wa mji, na hatimaye anatamka neno biashara kwa kinywa chake mwenyewe. Anapendekeza mkataba wa amani na kubadilishana kile kinachozidi katika falme zote mbili. Lakini tazama namna anavyogawa matunda ya mkataba huo katika wimbo wa saba, ubeti wa 62. Kwa Samorin, anasema, itakuwa faida. Kwa mfalme wa Ureno itakuwa utukufu. Mapatano ni mamoja na bahari ni moja, ila upande mmoja unapata mali na mwingine unapata jina. Aliyevuka bahari kutafuta pilipili anajieleza kama mtu anayempelekea mwenye pilipili fursa ya kutajirika. Sentensi hiyo moja ni muhtasari wa siasa ya utendi mzima kuhusu viungo.

Suala la zawadi linaonyesha jinsi kazi hii ilivyokuwa ngumu. Shajara inaorodhesha alichoandaa Gama kumpa Samorin: vipande kumi na viwili vya kitambaa cha mistari, kofia za vitambaa vyekundu, kofia nyingine sita, nyuzi nne za marijani, mabeseni sita ya kunawia, kasha la sukari, mapipa ya mafuta na ya asali. Maofisa wa Calicut walipoiona shehena hiyo walicheka. Mfanyabiashara maskini kabisa wa Makka, walisema, hutoa zaidi. Camões hakuiacha aibu hii, aliigeuza. Katika wimbo wa nane, Samorin, ambaye ameshatiwa wasiwasi na Waislamu, anamtaka mgeni athibitishe ukubwa wa mfalme wake kwa zawadi. Gama anajibu kwamba amekuja kuitafuta njia tu, na kwamba akirudi salama ndipo zawadi tukufu itakapoonekana. Mabeseni na kofia vimetoweka. Umaskini wa bidhaa umekuwa unyofu wa msafiri, na anayeuliza juu ya zawadi ndiye anayeonekana kuwa na tamaa.

Tamaa hiyo inapata mwili kamili kwa ofisa anayeitwa Catual, anayemzuia Gama nchi kavu na kumwachia baada ya bidhaa kuteremshwa. Hapo msimulizi anasimama na kutoa beti nne za mwisho wa wimbo wa nane (96–99) juu ya nguvu ya fedha. Tungetarajia lawama kwa Wahindi. Badala yake mifano yote inatoka Ulaya ya kale: mfalme wa Thrace aliyemuua Polydorus, Danae na mvua ya dhahabu, Tarpeia aliyeuza ngome ya Roma. Kisha mzunguko unapanuka hadi kwa majemadari, mahakimu, wafasiri wa sheria, na hata waliojitoa kwa Mungu. Lawama iliyoanzishwa kwa ajili ya mtu wa Calicut inawafikia watu ambao msomaji wa Lisbon alikutana nao kila siku. Ni vigumu kuamini kuwa mtunzi hakuona lawama hiyo ilikuwa ikienda wapi.

Ununuzi wenyewe unakuja katika wimbo wa tisa, ubeti wa 14, na kwa msomaji wa makala haya huo ndio ubeti wa kusomwa polepole kuliko yote. Gama anaondoka. Ubeti unaorodhesha alichochukua, kwa kitenzi kilekile cha kuchukua kinachorudiwa. Kwanza anachukua watu kadhaa wa Malabar, waliokamatwa kwa nguvu. Kisha anachukua pilipili kali aliyoinunua. Zinafuata basibasi ya Banda, kungumanga, karafuu nyeusi ya Maluku, na mdalasini wa Ceylon. Mishororo minane inatosha yote. Watu waliotekwa na pilipili iliyonunuliwa wamewekwa chini ya kitenzi kimoja, katika orodha moja, na muundo wa ubeti wenyewe hauoni tofauti. Sarufi hapa inasema kile ambacho maelezo hayasemi.

Na nani aliyevipata viungo hivi? Ubeti unaofuata unajibu: vilipatikana kwa juhudi za Monçaide, Mwislamu wa Maghreb ajuaye Kihispania, ambaye kisha anaamua kuwa Mkristo na kuondoka na Wareno. Tendo la sokoni, yaani kuulizia, kupatana bei, kupima na kulipa, limefanyika nje ya jukwaa, kwa mkono wa mtu ambaye utendi unamhitaji awe Mwislamu hadi viungo vipatikane, na awe Mkristo mara baada ya hapo.

5.0 Kisiwa cha Upendo na malipo ya Mombasa

Tuzo ya mashujaa haiwi shehena. Inakuwa Kisiwa cha Upendo, ambako Venus amewaandalia mabinti wa bahari, matunda, karamu na unabii. Katika wimbo wa kumi, Tethys anamwonyesha Gama dunia nzima kutoka mlimani, na hapo viungo vinarudi kwa wingi kuliko mahali pengine popote: mikarafuu ya Ternate na Tidore, rangi za tunda la kungumanga huko Banda, kafuri ya Borneo, msandali wa Timor, shubiri ya Sokotra. Lakini vinatamkwa na mungu, vikiwa bado mitini. Hakuna mvunaji, hakuna bei, hakuna mnunuzi. Vimekuwa mapambo ya ramani, na ramani imekabidhiwa kwa Gama kama zawadi. Kitu kilichopewa na mungu hakihitaji kununuliwa.

Kabla ya hapo, katika wimbo uohuo, mmoja wa mabinti anaimba juu ya Wareno watakaokuja baadaye. Anamtaja Francisco de Almeida, ambaye mwaka 1505 aliishambulia Kilwa na kuipora na kuichoma Mombasa. Utendi unakiri kuwa Mombasa ilikuwa mji wa nyumba na majengo ya fahari. Unakiri kuwa uliachwa umeungua na kuharibika, kwa chuma na kwa moto. Kisha unatoa sababu: hayo ni malipo ya maovu yaliyopita.

Turudi sasa kwenye kanusho la Malindi. Wareno walisema si watu wa kuua kwa chuma na moto kwa ajili ya mali. Nyimbo nane baadaye, chuma na moto vinatumika, dhidi ya jirani wa mfalme aliyeambiwa maneno hayo. Kinachozuia mkanganyiko usionekane ni neno malipo. Mombasa haikuporwa, ililipwa. Na deni lake ni lipi? Ndani ya utendi, deni hilo ni hila ya wimbo wa pili, hila ambayo chombo chake kikuu kilikuwa orodha ya viungo. Sasa tunaona kwa nini ilikuwa muhimu sampuli igeuzwe kuwa chambo. Bila chambo hakuna hila, bila hila hakuna deni, na bila deni moto wa 1505 unabaki kama ulivyokuwa: shambulio dhidi ya bandari iliyoshika sehemu ya njia ya biashara. Lugha ya soko, iliyokwepwa kila mahali ambapo kweli kulikuwa na soko, imehifadhiwa kwa ajili ya vita. Hapo ndipo hesabu inapofungwa.

6.0 Pingamizi mbili

Yapo mambo mawili yanayoweza kupingwa katika usomaji huu. La kwanza ni la utanzu. Tendi zilizomlea Camões, hasa wa Virgil, hazimpi shujaa mizani ya kupimia bidhaa. Huenda basi mgawanyo tunaouona ni sharti la fani tu. Ni kweli kwamba utanzu unabana. Lakini utanzu haukumlazimisha mtunzi kuondoa viungo katika zawadi ya Malindi. Ukarimu wa mfalme anayempa mgeni vitu vya thamani ni jambo ambalo tendi hulipenda. Kufutwa kwake kunahitaji sababu nyingine.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: utendi una sauti zinazoilaani tamaa waziwazi. Mzee wa Restelo (wimbo wa nne, beti za 94–104) anasimama pwani merikebu zinapong'oa nanga na kuilaani safari nzima. Na kuelekea mwisho (wimbo wa kumi, ubeti wa 145) mshairi anasema sauti imemkauka kwa kuiimbia nchi iliyozama katika tamaa. Je, mtunzi huyu anaweza kutuhumiwa kuificha tamaa ya watu wake?

Jibu langu ni kwamba sauti hizi zinaithibitisha hoja badala ya kuivunja. Mzee wa Restelo anataja sifa, falme na migodi ya dhahabu. Hataji pilipili, wala karafuu. Anaishutumu tamaa kubwa, ya kishujaa, na kuiacha ile ndogo ya kila siku, ambayo kwa hakika ndiyo iliyolipia merikebu. Tena tusisahau nani anayesikia laana hiyo: Gama anaisimulia kwa mfalme wa Malindi. Mswahili ndiye msikilizaji wa kwanza wa ukosoaji mkali kuliko wote uliomo katika utendi, na utendi haumpi neno la kujibu. Ama ubeti wa 145, unaileta tamaa nyumbani, Lisbon, baada ya kuizungusha Mombasa na Calicut. Camões alijua ilikotoka. Aliirudisha kwa wenyewe pale tu ambapo hadithi ilikuwa imekwisha na haikuweza tena kumgusa shujaa.

7.0 Hitimisho

Mickle aliona utendi wa biashara kwa sababu aliutafuta. Quint aliona pazia, na pazia lipo. Makala haya yameonyesha kwamba kuna pia mgao: viungo vimewekwa katika mdomo wa Mombasa, mkono wa Catual, juhudi za Monçaide na ramani ya Tethys, ili visionekane vikitamaniwa na mtu yeyote miongoni mwa wale walioondoka Lisbon kuvifuata. Faida imepewa wengine. Utukufu umebaki nyumbani.

Kwa mwanafunzi wa fasihi anayetumia Os Lusíadas kama ushahidi wa historia ya mwambao, matokeo ni ya moja kwa moja. Utendi hauwezi kutuambia kama mtawala wa Mombasa alikuwa na hila mwaka 1498. Unachotuambia kwa uhakika ni kwamba miaka zaidi ya sabini baadaye Ureno ilihitaji awe nayo. Usomaji wa nyimbo mbili za kwanza peke yake unatufanya tubishane juu ya heshima ya Mombasa na Malindi, ubishi ambao mtunzi ndiye aliyetupangia. Usomaji unaofuata bidhaa kutoka wimbo wa pili hadi wa kumi unatuonyesha daftari lenyewe, na mwandiko wa aliyelijaza. Katika daftari hilo, mfalme wa Malindi alitoa karafuu, bizari, tangawizi, kungumanga na pilipili, na alichoandikiwa ni kondoo, kuku na matunda.